Vimelala, Alisema Daktari

Mwezi uliopita, tulipompoteza mama, kazi ya kuandaa ratiba ya mazishi ilinijia bila mtu kuniuliza. Ndiyo kazi yangu. Nina stationari hapa Soweto, Mbeya, na katika miaka yangu ya kuchapa nimechapa ratiba za mazishi nyingi kuliko kadi za harusi: picha ya marehemu juu, jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufariki, halafu ule mstari ambao kila familia inautaka, "Amelala katika Bwana". Niliandika jina la mama. Niliweka miaka. Nilipofika kwenye mstari ule vidole vilikataa. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka chai ikaota utando, kisha nikaandika "Amefariki". Mjomba alipoiona alisema imekaa kama taarifa ya polisi. Sikuibadilisha. Presha ndiyo iliyomchukua mama, na habari hii haihusu presha. Inahusu neno moja ambalo mama na mimi tuliligawana vibaya mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na tatu. Wakati mama yupo nisingeweza kuisimulia, kwa kumwonea aibu. Sasa iliyobaki ni aibu yangu peke yangu, na hiyo naiweza.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyeletwa Mbeya na mumewe kutoka pwani tangu ujana wake, na ambaye aliuza viungo na mchele sokoni. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia juu kidogo ya kichwa, na kutoka hapo mpaka kwenye bati palikuwa wazi, hewa moja ya wapangaji wote. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha nne walikuombea afya. Moshi wa mtu mmoja ulikuwa moshi wetu wote, na siri ya mtu mmoja ilipanda ukutani kama paka na kushukia upande wa pili. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, kompyuta kuukuu niliyoinunua kwa fundi, na ndoo mbili zilizopangwa mipini ikielekea upande mmoja. Kazi ya kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama masomo kwenye simu na kuharibu vitu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi na hofu moja: kwamba kuna kosa ambalo kila aliyesoma darasani analiona, isipokuwa yeye. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara tatu. Nilisahihisha barua za wateja bila kuombwa. Kaka yangu Festo, aliyekuwa akipasua mbao na kugema ulanzi, pombe ya mianzi, nyumbani Kilolo, aliwahi kunitumia barua ya kumwandikia mchumba ili niichape, nami nikamrudishia ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Mchumba alikwenda kwa mwingine. Festo alisema ni kwa sababu ya koma zangu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, binti yake Bi Zuhura alipelekwa hospitali kujifungua kwa upasuaji, na ndugu na wapangaji wakaombwa damu. Nilikwenda kwa kuwa sikuweza kufikiria namna nzuri ya kukataa. Nilitazama mfuko ukijaa, mwekundu mweusi, ukicheza polepole kwenye mashine yake kama mtoto anayebembelezwa. Binti alijifungua salama, tukala pilau, mambo yakaisha. Kabla mwezi ule haujaisha simu iliita nikiwa nabandua lebo kwenye rimu ya karatasi. Mwanamke mwenye sauti ya upole aliuliza kama mimi ndiye Upendo, kisha akasema, "Ile damu yako hatukuitumia. Tunaomba uje."

"Iko wapi?" nikauliza.

"Nani?" akasema.

"Damu yangu."

"Njoo tu, mdogo wangu," akasema.

Sijui kwa nini niliuliza vile. Lakini siku zote mpaka nilipokwenda niliiwazia, mahali fulani kwenye jokofu, ina jina langu, imekataliwa, inangoja. Nilipofika waliniambia kipimo kimeonyesha homa ya ini aina ya B, na kwamba nirudi baada ya miezi sita. Kama baada ya miezi hiyo bado ipo, basi ni sugu, ya kukaa nayo. Nikamwambia muuguzi sina homa. Akasema wengi hawana. "Jina tu ndilo lina homa," akasema. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ugonjwa unaouma una adabu, unabisha hodi. Huu ulikuwa umeingia, umevua viatu, umeketi, na mimi nilikuwa nikimpikia mgeni nisiyemjua kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuniambia ni mrefu kiasi gani.

Miezi ile sita niliishi kama mtu anayetembea ndani ya nyumba ya wagonjwa. Nilifunga milango polepole. Kulikuwa na mpangaji chumba cha pili, Mnyakyusa mmoja tuliyemwita Baba Atu, mlinzi wa ghala, ambaye kazi yake ilimfanya alale mchana. Saa sita mchana, wenzangu wote wakiwa sokoni, nilikuwa nikirudi kula, na juu ya ukuta nilisikia pumzi zake: ndefu, nzito, zinakwenda na kurudi. Nilizizoea. Nikaanza kula kwa kuzifuata, tonge na pumzi, tonge na pumzi. Siku moja ya ukungu, ule ukungu wa Mbeya unaoshuka mlimani na kuketi uani hata kuku wasionekane, nilikaa na sahani yangu nikizisikiliza pumzi mpaka ugali ukakauka. Nilipotoka kuosha vyombo nikamkuta Baba Atu bombani, anafua, shati lake limelowa mpaka viwiko. Nikamuuliza ameamka saa ngapi. "Leo sijalala, mwanangu," akasema. "Nimetoka kazini nikapitia kwa shemeji. Ndo nafika." Nilirudi ndani nikasimama katikati ya chumba. Pumzi zilikuwepo bado. Labda ni upepo kwenye bati. Labda zilikuwa zangu, kwa kuwa nilipozizuia nazo zilinyamaza, lakini zilinyamaza kwa kuchelewa kidogo.

Ni siku hizo hizo niliposikia, kwa njia ile ile ya juu ya ukuta, Bi Zuhura, ambaye habari zangu zilikuwa zimemfikia, akimwambia binti yake, "Kikombe chake nimekitia alama. Simchukii, wallahi, mtoto wa watu. Lakini ini si jambo la mchezo." Nilikwenda jikoni kwake nikakigeuza kikombe nilichokuwa nikinywea chai. Chini kulikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu. Nitakiri jambo: sikuumia. Nilishukuru. Kwa mara ya kwanza kitu hiki kilikuwa na mpaka unaoonekana, na mpaka umechorwa vizuri. Nikaanza kukisugua kikombe changu mwenyewe mbali na vya wengine, na kukiweka peke yake kwenye kona ya kabati, na Bi Zuhura alipoona nafanya hivyo alitazama pembeni.

Mwezi wa saba nilirudi hospitali, nikapimwa upya, na safari hii walichukua damu ya vipimo vingi na kunipiga ultrasaundi. Majibu yalitoka kabla ya siku ya kumwona daktari. Mtu mwingine angesubiri. Mimi niliyaingiza kwenye jedwali. Kila penye chanya nilipaka nyekundu, kila penye hasi nilipaka kijani, na nikaichapa karatasi ile kwa rangi, kwa gharama yangu. Nilikaa nayo siku nne. Kulikuwa na nyekundu mbili na kijani mbili, na nikajiona kama mechi iliyotoka sare, inayongoja penalti.

Daktari alikuwa kijana, mwenye sweta lililofumwa na mtu anayempenda, maana lilikuwa na makosa. Aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Nani kapaka rangi?"

"Mimi."

"Umepaka kinyume, dada." Akachukua kalamu. "Hii ya kwanza, sawa, inasema virusi vipo, na kwa kuwa imerudi chanya baada ya miezi sita, ni sugu. Nyekundu yako naikubali. Lakini hii nyingine uliyoipaka nyekundu ni kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya ile hali ya virusi kuzaana kwa kasi. Hiyo kuwa chanya ni habari njema. Na hii uliyoipaka kijani ni ile kinga kamili, anayopata mtu aliyechanjwa au aliyepona. Kwako ni hasi. Maana yake huna."

"Kwa hiyo chanya si mbaya na hasi si nzuri."

"Chanya ni kwamba kitu kipo. Hasi ni kwamba hakipo. Uzuri unategemea ni kitu gani."

Nilitamani kumwomba karatasi ile niichane. Akaendelea, bila haraka. Kipimo cha ini kilikuwa ndani ya kiwango. Wingi wa virusi kwenye damu ulikuwa mdogo sana. Ultrasaundi haikuonyesha kovu. Dawa zipo, akasema, kidonge kimoja kila siku, lakini kazi yake ni kuvishika virusi visizaane, si kuving'oa. Kuna ambao lazima waanze leo: ambaye ini limeshaanza kuwa gumu, au ambaye virusi ni vingi na ini linawaka. "Wewe hujafika huko. Kwako matibabu kwa sasa ni kufuatilia. Kila miezi sita unarudi, tunapima. Pombe hapana. Dawa za mizizi za kusafisha ini hapana kabisa, hizo ndizo zinazotuletea watu hapa wakiwa wa manjano. Kula na watu, kunywa na watu, hakuambukizi kwa kikombe." Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimeshika kalamu nikingoja neno la kuandika kichwani mwa jedwali, akasema, "Tuseme hivi: virusi vimelala."

Nikaandika. Vimelala.

"Na mama yako apimwe," akasema nikiwa mlangoni. "Na ndugu zako wa tumbo moja. Wengi wenu mlipata mkizaliwa. Usichelewe hilo."

Bi Zuhura nilimweleza habari ya kikombe jioni ile. "Daktari kasema?" akauliza. "Kasema." Akainuka, akachukua wembe, akaketi kibarazani akikwangua ile rangi, akipuliza vumbi lake jekundu, kisha akanimiminia chai. Kwa mama nilipiga simu kesho yake. Mama alikuwa mzungumzaji wa Kihehe. Kiswahili alikishika kwa tahadhari, kama sahani za wageni, na maneno yake mengi aliyapata kanisani. Alikuwa amekwishaambiwa kwamba nina jambo kwenye damu, na kwa miezi sita alikuwa amefunga na kuomba. Nikamwambia majibu yametoka. Nikamwambia daktari amesema vimelala.

Nilisikia kuni zikipasuka upande wake.

"Vimelala," akarudia. "Kama baba yako alivyolala?"

Nilimwelewa. Sitajificha kwamba simu ilikuwa inakatika au kwamba sikusikia vizuri. Baba alikuwa chini ya msalaba wa simenti nyuma ya kanisa, na juu yake imeandikwa Hapa Amelala. Mama alikuwa ananiuliza kama vimekufa. Na mimi, ninayeweza kumrudisha mteja kutoka barabarani kwa ajili ya nukta, nilisema, "Ndiyo, mama."

Akaanza kulia na kushukuru. Sikumkatiza. Aliposema, "Basi Festo asisumbuliwe na vipimo, yamekwisha," nilisema sawa. Nimejiuliza sana kwa nini. Nilijiambia ni kwa ajili ya furaha yake. Ukweli ni kwamba nilitaka viwe vimekufa. Usiku wa simu ile, kwa kuwa mtu mmoja duniani aliamini vimekufa, nami nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mwezi wa kwanza. Na kulikuwa na jambo lingine chafu zaidi: Festo akipimwa akakutwa navyo, na mama akipimwa akakutwa navyo, ingebidi mtu amweleze mama vilitoka wapi. Mtu huyo angekuwa mimi.

Juma lililofuata Festo alipiga, anacheka mpaka anakohoa. "Mama kasimama kanisani, katoa ushuhuda. Eti wadudu wa Upendo wamekufa wote, Mungu kawalaza. Watu wamepiga vigelegele. Mchungaji kashuka mimbarini."

"Festo, nenda kapime hata hivyo."

"Nikapime nini sasa? Maiti?"

Nilicheka. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilicheka.

Kuanzia hapo neno lile likaanza kunifuata. Mbeya watu wa Kinyakyusa wakikutana asubuhi husalimiana "Ugonile", na ukilitafsiri ni kuuliza: umelala? Nilikuwa nimelisikia tangu nihamie, sikulitilia maanani. Sasa kila mteja aliyeingia dukani nilikokuwa nimeajiriwa kuchapa aliinama dirishani na kuuliza, kwa tabasamu, umelala? Na nilihisi kwamba swali lilinipita, likaenda kumuuliza mwingine ndani yangu, na kwamba kuna siku atajibu. Wapangaji walikuwa na utani wa kumsalimia hivyo Baba Atu saa kumi jioni anapotoka chumbani na mto umemchora shavuni. "Ugonile, Baba Atu!" Nilikuwa naziba masikio.

Na kazi haikunisaidia. Wateja walileta picha za marehemu wao niziweke kwenye ratiba, picha za simu, zilizopigwa wodini au kwenye harusi ya mtu mwingine. Nilikuwa nimejifundisha kuzirekebisha: kuondoa dripu, kung'arisha ngozi, kusafisha weupe wa macho. Siku moja walikuja ndugu wawili na picha ya mwanamume wa makamo. Mmoja alimwambia mwenzake, nikiwa nimewapa mgongo, "Mtu anavimba tumbo maji yanajaa, macho yanageuka, halafu mseme ni ugonjwa? Huyu kachezewa." Mwingine akasema, "Nyamaza, binti anasikia." Nilikuza picha. Weupe wa macho ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochujwa. Niliusafisha ukawa mweupe kama karatasi, kwa kuwa familia hupenda hivyo, na mtu yule akanitazama kutoka kwenye kioo akiwa mzima kabisa, amepona, siku mbili baada ya kufa. Mwezi ule nilisafisha macho ya namna hiyo mara tatu. Niliacha kusikiliza walichosema ndugu zao.

Mwezi wa kumi na mbili Festo alinitumia picha kwa simu, alitaka pasipoti saizi kwa ajili ya maombi ya kazi kiwandani. Niliifungua kati ya kazi mbili. Nikabadilisha ukuta wa nyuma kuwa bluu. Nikanyoosha kola. Nikakuza macho, nikachukua kile kibrashi changu, nikasafisha weupe wa jicho la kushoto. Nilikuwa nimeanza la kulia mkono uliposimama wenyewe. Kioo kilikuwa na jicho moja jeupe na jicho moja la manjano. Alikuwa anatabasamu. Nilibonyeza kurudisha nyuma, hatua moja, hatua nyingine, mpaka macho yote mawili yakarudi rangi yake, na hapo nikampigia. Nilimuuliza mkojo wake una rangi gani. Akasema, "Umekuwa daktari siku hizi? Kama kokakola. Ni jua, nakunywa maji kidogo." Kilolo ilikuwa na mvua wiki mbili mfululizo.

Asubuhi ya pili nilikuwa Iringa, na mchana Kilolo, nimelowa miguu. Mama alinipokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, na kunikalisha karibu na moto. Kulikuwa na ugali, njegere, na majani ya maboga. Festo alikaa kwenye kigoda upande wa moshi, koti limemzidi mabega ambayo nilipomwona mara ya mwisho yalilijaza, na hakula. Kati yetu kulikuwa na madumu mawili ya ulanzi aliougema, maana msimu wa mianzi ulikuwa umeanza. Mama, aliyekuwa bado anaamini nimefufuka, alichukua kikombe akanimiminia kutoka dumu dogo.

"Onja kidogo tu huu wa leo asubuhi, ni mtamu, hata watoto wanakunywa. Ule mwingine usiguse, umeshalala."

Nikakiweka kikombe chini. "Mama, ulanzi ukilala, umekufa?"

Alinicheka. "Mjini kumekusahaulisha. Ukilala ndo unapata nguvu. Unaona umetulia hivi, kumbe unafanya kazi. Kesho kutwa ukifungua hilo dumu linakupiga usoni."

"Hivyo ndivyo alivyosema daktari," nikasema. "Vimelala hivyo. Si kama baba."

Moto ulikuwa unalia. Mama alitazama dumu, kisha mimi. "Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo. Nilijua ulichouliza, mama. Nilidanganya."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua kibatari kutoka kwenye ukingo wa dirisha ingawa ilikuwa mchana, akakiwasha, akamwendea Festo, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mwenye uchafu jichoni, akaisogeza taa. Alitazama jicho moja. Akatazama la pili. Festo aliacha kutabasamu. Kisha mama akasema naye maneno machache ya Kihehe, taratibu, na Festo akaenda kutafuta viatu.

Hospitali ya Iringa tulikaa siku nne, sisi watatu. Mama alikutwa navyo, vimetulia, kama vyangu. Vya Festo vilikuwa macho. Virusi vingi, ini linawaka, na limeanza kuwa gumu upande mmoja. Daktari wa huko, mama mmoja asiyepoteza neno, alisema aanze kidonge siku hiyo hiyo, na ulanzi uishie alipouacha. "Utakapojisikia mzima usiache," alimwambia. "Wanaoacha ghafla vinawarudia kwa hasira. Mimi ndiye nitakayesema basi, si mwili wako." Nilibaki nyuma nikamuuliza kama Festo angekuja mwezi wa saba ingekuwaje. Alisema hawezi kujua. Huenda wakati ule navyo vilikuwa vimelala, huenda vilikuwa vimeshaamka. Nilimwomba akisie. Alikataa kukisia.

Dirisha la dawa lilikuwa lile lile la wenye virusi vya ukimwi, na Festo alivuta kofia mpaka puani. Tulipoketi na lile kopo, nilimweleza yote: simu, swali la mama, ndiyo yangu. Alikigeuza kidonge kiganjani muda mrefu.

"Wewe," akasema hatimaye. "Wewe uliyenikosesha mke kwa ajili ya koma."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alimeza kidonge kwa maji ya chupa yangu, akanirudishia chupa.

Tulirudi Kilolo. Njia nzima mama alishika karatasi yake ya majibu ndani ya kitabu cha nyimbo. Najua alichokuwa anahesabu, kwa kuwa nilikuwa nimemwona akimuuliza daktari swali kwa sauti ndogo, na daktari akimshika mkono na kusema, "Na wewe ulipewa na mtu ambaye hakujua." Jumapili alivaa kitenge chake kizuri. Wakati wa shuhuda alisimama kabla ya kuitwa. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni mwa kanisa, na kutoka kwenye benchi langu waliokaa nyuma walikuwa vivuli tu.

"Mwezi ule wa nane nilisema hapa kwamba wadudu wa Upendo wamekufa," akasema mama. "Mkapiga vigelegele. Nilisema uongo, bila kujua. Hawajafa, wamelala. Wa Festo wameamka, anameza dawa. Na mimi ninao. Watoto hawa waliupata ugonjwa kwangu, tumboni mwangu, nami sikujua. Naombeni mkapime."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kisha sauti ya mwanamke, kutoka kule nyuma kwenye vivuli, mtu ambaye sikumtambua wakati ule wala sijamjua mpaka leo, ikauliza: "Mama Festo, sasa vikiwa vimelala, mtu utajuaje kama vimeamka?"

Mama aligeuka akanitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala msamaha. "Mwulizeni huyu," akasema. "Yeye ndiye anayejua maana ya hilo neno."

Nikasimama. Sikuwa na karatasi, sikuwa na jedwali, sikuwa nimekagua chochote hata mara moja. Festo, kando yangu, alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza.

"Hujui," nikasema. "Hata ndani kwako hutasikia kitu. Ndiyo maana unakwenda kupima."

Kule nyuma benchi lililia, mtu akainuka, na mlango ukafunguka kwenye ukungu.